Karatasi Haicheki

Kiomboi,
18 Julai 1965

Paskali, mvivu wa kuoga,

Nasikia wamekupitisha. Gabrieli dereva wa basi ndiye aliyeleta habari, akaitangaza kituoni kabla abiria hawajashuka: katika majina yote yaliyopelekwa, Chama kimerudisha mawili tu, la Gaspari wa ushirika na la kwako. Nilikuwa natoka wodini na ndoo mkononi. Niliiweka chini nikacheka, mpaka wakunga wenzangu wakaniuliza kama nimepatwa na homa.

Hivi kweli wamekosa mwingine? Wamekosa mtu anayeamka mapema? Mtu ambaye suruali yake haifungwi kwa kamba ya katani? Mimi nakujua tangu tulipokuwa tunatambaa katika tembe ya bibi yetu, wewe ukibandua udongo wa ukutani na kuula. Hapa nimeshawaambia: mkimpeleka yule Bungeni atalala, na akiamka atauliza kama chakula kimeiva.

Wala usidhani nimesahau mbuzi wa Mzee Alute. Mwizi wa mbuzi leo anataka ubunge.

Yohana mume wangu anasema nikuandikie pongezi kama watu wenye adabu. Nimemwambia binti wa mjomba hampongezi binamu yake, hiyo ni kazi ya wageni. Maskini Yohana, ana miaka sita katika ukoo wetu na bado utani wetu unamtia aibu mbele za watu. Ila nitasema neno moja na sitalirudia: nimefurahi mpaka nimelia kidogo, ndani ya stoo ya dawa, mahali ambapo hakuna aliyeniona.

Nisalimie Martha, mke mwenzangu. Mwambie aliyekubali kuolewa na wewe ana moyo mkubwa.

Mimi mkeo uliyemkimbia,
Damari


Ikungi,
1 Agosti 1965

Damari, uso wa jiwe la kusagia,

Barua yako nimeisoma mbele ya Martha, akacheka hadi kibuyu cha maziwa kikamponyoka. Kwa hiyo umenitia hasara tangu mwanzo. Wewe ambaye ugali wako wa uwele nimeula mbichi miaka mingapi bila kulalamika, leo unanicheka mimi?

Na huyo mbuzi. Unajua vizuri ni nani alikuwa na zamu ya kuchunga siku ile, nani alilala kichakani mbuzi akaenda zake, na nani alichapwa fimbo kumi na mbili na Mzee Alute kwa sababu alisema, "Ni mimi." Wewe umesahau lakini mgongo wangu unakumbuka. Basi, umeniita mwizi wa mbuzi miaka ishirini na tano, nimekubali kuwa ni jina langu.

Sasa sikia mambo ya huku. Mimi na Gaspari tunapanda Landrova moja. Ndiyo utaratibu: wagombea wawili, gari moja, mkutano mmoja, leo anaanza yeye kusema, kesho naanza mimi. Tunakaa nyuma magoti yakigongana, tunakula sahani moja. Mbele anakaa Ndugu Philipo, msimamizi aliyeletwa kutoka mkoa mwingine ili asiwe na ndugu wala jamaa hapa. Ni mtu mwema, mkimya, ana daftari jekundu. Gaspari amepewa alama ya jembe, mimi nyumba, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Juzi pale Puma mzee mmoja aliitazama picha yangu akasema, "Hii si nyumba. Nyumba ni tembe, juu ni sawasawa. Hii imechongoka kama duka. Huyu mwalimu wa shule anataka tukalale dukani?" Hata Gaspari alicheka hadi akashika tumbo.

Jambo linalonichosha ni lugha. Amri ni Kiswahili tu. Bibi akiniuliza swali kwa Kinyaturu, yupo mtu wa kulitafsiri, nami lazima nimngoje amalize ndipo nijibu. Mimi, niliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwa bibi huyo, nakaa kimya natafsiriwa lugha ya mama yangu.

Halafu hakuna anayenitukana. Tangu Julai kila mtu ananiita Ndugu Mgombea. Wanafunzi wangu wananikwepa, Martha ananipigia pasi shati kila asubuhi. Nikikaa hivi mpaka mwisho wa Septemba nitaanza kuamini kuwa mimi ni mtu mkubwa. Niandikie, Damari, tena uandike makali. Tuma Ofisi ya TANU, maana nyumbani silali siku hizi.

Mumeo aliyeponea chupuchupu,
Paskali


Kiomboi,
12 Agosti 1965

Paskali, mgombea wa kulala,

Umejipandia gari, mimi umeniacha huku Kiomboi nikizalisha wanawake wa watu. Siku ya harusi yetu ulikimbia ukajificha ndani ya kihenge cha mtama, wakakutoa kwa miguu kama kuku. Ulidhani nitanyamaza? Mtu aliyemkimbia mkewe atashindwaje kulikimbia jimbo? Mtu aliyekula mbuzi wa jirani akafuta mdomo, nchi ataiachaje?

Waambie hao wanaokupigia makofi kwamba nakuja. Nitasimama katikati ya mkutano na nitasema yote, kuanzia kihenge mpaka mbuzi, na Mzee Alute yu hai, ataulizwa. Uwaeleze pia kuwa tangu uzaliwe hujawahi kupanda shamba likafika palizi. Watu wazima wanataka kumpa nyumba mtu asiyejua kuezeka banda la kuku.

Jioni ujifunike vizuri, upepo wa Agosti ni mbaya na kifua chako nakijua. Na usile kila unachopewa.

Mimi mkeo uliyemkimbia, ambaye bado anakungoja,
Damari


Ofisi ya TANU,
27 Agosti 1965

Kwa Ndugu Damari,
Hospitali, Kiomboi.

Salaam.

Barua yako ya tarehe 12 Agosti imefika na imesomwa. Kwa kuwa ina mambo yanayogusa mwenendo wa mgombea, unaombwa kuandika maelezo yako upesi, mbele ya shahidi, useme: kwanza, kama wewe ni mke wangu au uliwahi kuwa mke wangu, pili, kama unayo malalamiko yoyote juu yangu, tatu, kama maneno uliyoandika kuhusu wizi wa mbuzi ni ya kweli.

Maelezo hayo yafike ofisini kabla ya tarehe 6 Septemba. Yasipofika, jambo hili litapelekwa Dar es Salaam likaamuliwe huko, na jina langu linaweza kuondolewa.

Nakutakia kazi njema.

Uhuru na Kazi.

Paskali
Mgombea


Kiomboi,
2 Septemba 1965

Kwa Ndugu Paskali, Mgombea,

Shikamoo.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali unaponitukana, sikupaona. Halafu nikaelewa. Ubunge ni jambo kubwa na mtu mkubwa ana watu wa kiwango chake. Sikujua kwamba kuniomba nikuandikie makali ilikuwa ni kunichimbia shimo. Nisamehe kwa kukuchelewesha, tulikuwa na mapacha wodini.

Maelezo unayotaka ni haya, na Yohana ameweka sahihi yake kama shahidi:

"Mimi Damari binti Mathayo, mkunga, nasema kwa akili timamu kwamba Ndugu Paskali si mume wangu na hajawahi kuwa. Sina malalamiko yoyote juu yake. Hakuiba mbuzi wa mtu yeyote. Niliyoandika yalikuwa maneno ya upuuzi. Wala yeye si mtani wangu, na sitamwandikia tena."

Natumaini inatosha. Mungu akusaidie katika safari yako.

Wako mtiifu,
Damari


Ikungi,
1 Oktoba 1965

Dada Damari,

Natumaini wewe na Shemeji Yohana hamjambo. Sisi hapa ni wazima.

Nimeona si vizuri usikie matokeo kwa Gabrieli tu. Gaspari ameshinda na nimempa mkono. Ni mtu wa haki na atafanya kazi. Jumatatu narudi darasani, watoto wamekaa muda mrefu bila mwalimu wa hesabu.

Nakushukuru kwa maelezo yako ya Septemba. Yalifika kwa wakati na jina langu halikuondolewa. Ulinisaidia.

Umesema hutaniandikia tena, nami sikudai jibu. Nilitaka tu kukushukuru kwa adabu.

Ndugu yako,
Paskali


Ikungi,
5 Oktoba 1965

Damari,

Sijui nikuite nani. Zamani nilikuita mke mwenzangu na ulipenda. Sasa naogopa hata kukuita wifi. Naandika Paskali akiwa shuleni na hajui.

Sikukasirikia ulichoandika, lakini kuna mambo hukuyaona na mtu lazima akueleze.

Barua yako ile ya kihenge na mbuzi ilifika ofisini Paskali yupo mkutanoni. Barua zote za mgombea zinazofika pale hufunguliwa na msimamizi, ndiyo kazi yake, ili mtu asipokee vitisho au zawadi. Ndugu Philipo akaisoma. Jioni akamwuliza Paskali, "Huyu Damari ni nani?" Unadhani mume wetu alijibuje? Alijibu kama anavyojibu siku zote akiulizwa habari zako. Alisema, "Huyo ni mke wangu wa kwanza, mbaya kuliko wote." Alikuwa anacheka. Ndugu Philipo akafungua daftari jekundu akaandika.

Kesho yake ndipo Paskali akaona jambo limekuwa kubwa. Akaeleza kuwa ni utani, kwamba wewe ni binti wa mjomba wake Mathayo na harusi ile ilikuwa mchezo wa watoto. Ndugu Philipo akamjibu kwa upole kabisa, mimi nilikuwapo, nilikuwa nimepeleka shati. Alisema, "Mwalimu, utani hata kwetu upo. Lakini utani wetu unasemwa, watu wanacheka, unaisha. Sijawahi kuona mtani anayeandika akaweka tarehe na sahihi. Mimi naweza kukuamini. Hii karatasi nikiipeleka Dar es Salaam haitacheka."

Basi ile barua ngumu uliyoipata iliandikwa mezani kwake. Neno kwa neno alisema Ndugu Philipo, mkono tu ndio ulikuwa wa Paskali. Aliomba aongeze mstari mmoja chini, wa kukutukana kidogo ili ujue ni yeye. Ndugu Philipo akakataa, akasema tutaanza upya tena. Tena akamkataza asikuandikie jambo lolote mpaka kura zipigwe, isije ikasemekana amekufundisha la kusema. Na mimi pia akanikataza.

Kuna lingine. Aliulizwa juu ya mbuzi. Angesema tu kwamba alikubali kosa la mtoto mwenzake, ingekwisha. Alisema, "Habari ya mbuzi sitaieleza." Nilimwuliza njiani kwa nini. Akaniambia, "Nikieleza lazima nitaje jina."

Maelezo yako yalipofika, Ndugu Philipo alifurahi kwa ajili yake. Habari za mke aliyeachwa na mbuzi zilikuwa zimeshavuja, zinazunguka mnadani, hivyo akaamua kuyasoma maelezo yote mkutanoni ili kumsafisha. Kwingine watu walisikiliza wakaenda zao. Tulipofika hapa nyumbani, alipomaliza kusoma, jirani yetu mzee Bibi Magdalena akasimama na fimbo yake. Akasema kwa Kinyaturu, "Huyu Damari ni binti wa Mathayo, na Mathayo ni mjomba wako. Mtu akikanwa na wageni si kitu. Wewe umekanwa na binti wa mjomba wako, kwa maandishi. Basi wewe ni wa nani?"

Paskali alikuwa ameshaelewa, Damari. Sote tulielewa. Lakini amri ni amri, ikabidi asimame pale angoje atafsiriwe. Yule mkalimani ni mtaratibu, alitafuta maneno. Mimi nilikuwa natazama mikono ya mume wangu. Tafsiri ilipokwisha alisema, "Bibi, sina jibu." Akakaa. Gaspari, ambaye zamu yake ilikuwa imefika, alikataa kusema siku ile. Alidai ana kikohozi.

Vituo vya mbali walimpa kura nyingi. Kituo chetu hiki, walikomlea, ndicho kilichompa Gaspari ushindi.

Lakini kushindwa hakukumsumbua kama ninavyomwona sasa. Aliposhindwa alikula usiku ule ule. Kinachomnyima chakula ni ile shikamoo yako. Mna umri mmoja, ukamwamkia kama baba yako. Ameikunja barua hiyo ameiweka ndani ya daftari la mahudhurio. Na hiyo aliyokuandikia tarehe moja, ya "Dada Damari", niliiona. Alianza karatasi nne. Ya kwanza ilianza na uso wa jiwe la kusagia, akaichana, akasema, "Sina haki tena."

Sikuambii la kufanya. Nimekueleza tu.

Martha


Kiomboi,
14 Oktoba 1965

Paskali, mwizi wa mbuzi, mvivu, mla udongo wa kuta za bibi,

Hivi wewe una akili? Mtu mzima, mwalimu wa hesabu, anaulizwa mtani wake ni nani mbele ya daftari la serikali, anajibu "mke wangu wa kwanza". Kichwa hicho ndicho ulitaka kukipeleka Bungeni. Taifa limepona.

Na mimi niliyekuwa na kalamu mkononi sikukuzidi akili. Nilisoma barua yako nikaona sahihi yako, sikuona mkono uliokuwa umekushika begani. Nilidhani umenionea aibu. Niliandika ile shikamoo nikijua itakuuma, nikaiandika vizuri, kwa mwandiko wa cheti cha ukunga, ili iume zaidi. Barua ya Martha nimeisoma nimekaa juu ya kitanda cha wodi kisicho na mtu. Nimelia, safari hii si stoo, wenzangu wote wameniona. Yohana aliitwa kutoka shambani akidhani nimefiwa.

Sasa usitegemee nitakuomba radhi. Mimi na wewe hatuombani radhi, hatujawahi, na siwezi kuanza uzeeni. Nimemwuliza Baba. Anasema enzi zao aliyemkana mtani wake alipeleka mnyama, akamkabidhi mbele ya watu wale wale waliosikia akimkana, na hakuna aliyetoa hotuba. Kwa hiyo Jumapili ya tarehe 24 nakuja na basi la Gabrieli, na mbuzi. Gabrieli anataka apande juu kwenye mizigo. Nimemwambia mbuzi atakaa ndani, tukikutana na wewe njiani, wewe ndiwe utakayepanda juu.

Huyo mbuzi hataliwa kwako. Utamfunga kamba na tutampeleka wote wawili mpaka kwa Mzee Alute, na nitamwambia mwenyewe nani alilala kichakani. Nimeishi miaka ishirini na tano nikikuita mwizi kwa sababu nilishindwa kukushukuru kwa zile fimbo. Sijui njia nyingine. Nikianza kukuita mtu mwema nitalia, na wewe utavimba kichwa.

Mwambie Bibi Magdalena awepo na fimbo yake. Mwalike Gaspari, mheshimiwa, aje na kikohozi chake. Na kama Ndugu Philipo hajarudi kwao, mwombe aje na daftari jekundu, maana nina karatasi nyingine ya kumpa. Nitaisoma mimi mwenyewe, kwa Kinyaturu, na safari hii hakuna wa kutafsiri. Kwa ajili ya daftari nimeiandika kwa Kiswahili, nayo ni hii:

"Mimi Damari binti Mathayo, mkunga, nasema kwa akili timamu kwamba maelezo yangu ya tarehe 2 Septemba yalikuwa ya uongo. Paskali ni mvivu wa kuoga. Hajui kuezeka hata banda la kuku. Alinikimbia siku ya harusi yetu akatolewa kwenye kihenge kwa miguu. Ameulizwa ni wa nani, akakosa jibu, kwa kuwa hata maswali rahisi yanamshinda. Jibu ni kwamba ni wa kwetu. Nitamtukana mpaka nife, na nikitangulia kufa atanitukana kaburini kwangu, nami nitamsikia.

Damari, mke wa Paskali aliyekimbiwa.

Shahidi: Yohana, mume wake wa pili."